Sura ya Tisa: Mkono Juu ya Kitambaa Cheupe

Uligeuza uso. Usijifanye hukumbuki, maana mimi nakumbuka. Ilikuwa harusini, au msibani, au sebuleni kwa jirani. Kulikuwa na mtu mzima ameziba masikio kwa viganja, anayumba mbele na nyuma kwenye kiti, na wewe ghafla ukaanza kuikagua simu yako ambayo wala haikuwa imeita. Ukasema moyoni, wenyewe watamshughulikia. Ukaongeza mchuzi. Ukarudi kwako ukalala usingizi wa mtu mwema.

Basi isome sura hii bila kuinua pua. Mwanamke ninayekusimulia habari zake naye aligeuza uso siku hiyo, na hakuwa na kisingizio chako. Wewe hukujua ulichokuwa unakiona. Yeye alijua kuliko wote waliokuwa pale mezani.

Kituoni walimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilopenda kuwaambia watu. Kazi yake ilikuwa kuwapa ushauri watu wazima wenye usonji, wale ambao utotoni waliitwa wakaidi, mabubu, vichwa maji, na walipokua hawakuitwa tena kokote. Naye alikuwa na usonji. Alijua kwa ngozi yake mwenyewe jinsi kola ya shati inavyoweza kukereza shingo kama msumeno, na jinsi sauti tatu zikichanganyika chumbani zinavyogeuka ukuta unaokuangukia. Hakuwaambia waliokuja kwake "pole". Aliwaambia "hata mimi", na wanaume wenye ndevu walilia kwa kulisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Mpenzi wake alikuwa fundi umeme, na tumwite Fundi kama alivyoitwa na mtaa mzima. Alifika kituoni kumleta kwa Taratibu kaka yake mkubwa, ambaye nitamwita Kaka, akaketi kwenye korido kumsubiri, akagundua kwamba taa ndefu za darini zilikuwa zinavuma. Kesho yake alirudi na ngazi, bila kuombwa na mtu, akazing'oa zote na kuweka nyingine. Taratibu alitoka ofisini akasimama chini ya ngazi, ameinua uso, anausikiliza ukimya.

"Umezifanya nini?"

"Nimeziambia zinyamaze," Fundi alisema kutoka huko juu. "Zimenielewa."

Wapo wanaotongozwa kwa maua. Yeye alitongozwa kwa ukimya, na akapatikana mzimamzima.

Mambo yalipokolea, Taratibu alifuata miiko ya kazi. Alimkabidhi Kaka kwa mshauri mwenzake, akabaki kumsalimu kwenye korido tu. Lakini Kaka aliendelea kuja, na aliendelea kuitumia ishara ya kituo kile. Ishara yenyewe ilikuwa rahisi: ukilaza kiganja mezani, umesema umejaa, huwezi kupokea tena neno wala sauti. Yeyote aliyeuona mkono huo ana wajibu wa kuwanyamazisha wengine. Huulizwi kwa nini. Hushikwi bega. Watu wananyamaza, basi. Aliyeitunga kanuni hiyo ni Taratibu.

Sasa Fundi alikuwa anampeleka Taratibu kwa mama yake.

"Siku moja tu, mpenzi," alimbembeleza. "Mama akishakuzoea tutamwambia. Siku hii moja uwe kama... kama wengine."

Alikubali. Usimhukumu haraka. Aliwahi kuvishwa pete na mwanaume mwingine kabla ya huyu, na pete ile ilirudishwa baada ya wazazi wa mwanaume kunong'onezwa kwamba binti "ana kitu kichwani". Mtu aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akavaa viatu vya kubana. Akajifunza majibu. Akajikumbusha ile hila yake ya zamani, kwamba ukishindwa kumtazama mtu machoni, mtazame katikati ya nyusi, hatajua.

Naye Kaka aliombwa asiseme kwamba wanafahamiana.

"Sitasema," alimjibu mdogo wake. "Uongo pia sitasema. Nitanyamaza."

Meza ilitandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi na Kaka mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake: anapiga pasi nguo za nusu ya mtaa, katika chumba kidogo kando ya jiko, na shati likitoka mkononi mwake unaona haya kulivaa. Redio ilikuwa inaimba. Feni ilikuwa inagonga kitu kila ikizunguka. Mama, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, alikuwa anapakua huku anaongea, na Shangazi, dada wa marehemu baba yao, alikuwa anaongea tu. Manukato ya Shangazi yangetosha kumpakulia mtu sahani ya pili.

"Bibi harusi wetu kimya!" Shangazi alisema. "Au ndo unatupima? Tupime mwanangu, mizani yako lakini ukae nayo imara, maana ukoo huu tuna uzito."

Taratibu alitabasamu kwa kipimo alichokuwa amejifunza. "Nawasikiliza, Shangazi."

"Msikilizaji! Fundi, umepata. Mimi mume wangu wa kwanza alisikiliza hivyo hivyo, kumbe kalala."

Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Fundi naye. Kaka, aliyeketi karibu na Taratibu, alikuwa anakula wali kwanza, akimaliza ndipo ahamie kwenye kuku. Hakuinua kichwa.

"Na huyu bwana mkubwa," Shangazi aliendelea, akimwonyesha Kaka kwa kijiko, "ukimuuliza habari za asubuhi, anakupa habari kweli! Juzi jirani kapita hapo, kauliza uhali gani, kasimuliwa tumbo lilivyomsumbua, kuanzia lilipoanza kukata mpaka lilipotulia. Jirani wa watu siku hizi anapita njia ya nyuma!"

Wakacheka wote. Na Taratibu alicheka.

Nataka uzisikie herufi za neno hilo. Alicheka. Mwanamke ambaye kituoni aliwaambia watu kwamba swali likiulizwa linastahili jibu, alicheka na kichwa akakirudisha nyuma kidogo, kama alivyoona wengine wanavyofanya.

Redio ilipandisha wimbo. Mama aliuliza jambo kuhusu masomo, na papo hapo Shangazi akauliza jambo kuhusu ukoo. Feni ikagonga. Ndipo kiganja cha Kaka kikalala juu ya kitambaa cheupe, taratibu, vidole vimetanuka. Hakukilaza mbele yake. Alikisogeza hadi kando ya sahani ya Taratibu, pale ambapo asingeweza kukosa kukiona.

Alikiona. Moyo wake ulishtuka kama umeitwa jina. Alijua kilichotakiwa: maneno mawili tu, tunyamazeni kidogo. Lakini angeyasema, Mama angeuliza umejuaje, na jibu la swali hilo lingemwonyesha mlango wa kutokea.

"Nilisoma mbali na nyumbani, Mama," alisema, akizitazama nyusi za yule mama. Akauinua mtungi wa maji akamjazia Fundi bilauri ambayo haikuwa tupu.

"Toa mkono mezani, wewe, hapa kuna wageni!" Shangazi alisema, na akaupiga kofi dogo la utani.

Sahani ilianguka. Kaka alikuwa amesimama, ameziba masikio, anatoa sauti moja ndefu isiyokuwa na neno ndani yake. Kiti kikapinduka. Fundi akanyanyuka nusu, akabaki hivyo hivyo, si amesimama si amekaa. Kaka akapita kati yao akaingia chumba chake cha pasi, na mlango ukafungwa.

"Umeona?" Shangazi alisema, akiokota vigae. "Umeona mwenyewe, bibi harusi. Ndo maana namchukua."

"Unamchukua?" Taratibu aliuliza.

Mama alijifuta mikono, mara mbili, mara tatu, ingawa ilikuwa mikavu. "Usiogope, mwanangu. Kesho asubuhi wifi anaondoka naye. Kwake kuna chumba cha uani, kimetulia. Nataka wewe uingie kwenye nyumba isiyo na... nyumba nyepesi. Sikutaka uanze ndoa na mzigo ambao si wako."

"Hakuna neno, Mama," alisema Taratibu.

Mdomo ulisema. Yeye mwenyewe aliusikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

*

Jikoni alifungua bomba akaweka viganja chini ya maji. Fundi alimfuata, akasimama nyuma yake, karibu mpaka akalisikia joto lake.

"Umefaulu," alinong'ona. "Mama amekupenda. Kanivuta pembeni kasema, huyu ndiye. Unamjua Mama? Hata kiti hanunui bila kukilalamikia mwezi mzima. Lakini wewe, huyu ndiye."

"Ulijua?"

"Nini?"

"Kwamba anaondolewa kwa ajili yangu."

Fundi alichukua kitambaa akaanza kuifuta sahani iliyokwisha kukauka. "Nilijua wiki iliyopita."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambia usingekuja."

"Nisingekuja, ndiyo. Mtu huambiwa jambo ili aamue."

"Punguza sauti, mpenzi, wanasikia."

"Mkono wake uliuona?"

Fundi aliacha kufuta. Sebuleni, Shangazi alikuwa ameanza kucheka tena jambo jingine.

"Niliuona," alisema.

"Na unajua maana yake."

"Nimekaa kwenye korido yenu mpaka kiti kikanizoea. Najua maana yake."

"Basi tulikuwa wawili," Taratibu alisema. "Mimi nilidhani niko peke yangu kwenye aibu hii. Kumbe tulikuwa wawili, na yeye ndiye aliyekuwa peke yake."

Alisema hivyo bila kumtazama. Fundi hakuwahi kumlazimisha atazame, na hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomfanya ampende. Hata sasa, katikati ya ugomvi, alikuwa ameelekeza uso dirishani ili ampe nafasi. Wema wake mdogo mdogo ndio uliomuumiza zaidi. Mtu mbaya kabisa humwachi kwa taabu.

"Wewe hujaishi nyumba hii," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Tangu nipate akili, kila kitu ni Kaka. Msialike watu, Kaka. Zimeni redio, Kaka. Mchumba wangu wa shule alikuja hapa mara moja, akamwona, hakurudi. Nampenda, Mungu shahidi, mtu akimgusa njiani nitavua shati. Lakini nilitaka mara moja, mara moja tu maishani, niwe na kitu changu kisichoanza na jina lake. Ni dhambi?"

"Si dhambi."

"Basi kwa nini unanitazama... kwa nini umesimama hivyo?"

"Kwa sababu kitu hicho unachotaka kisianze na yeye ni mimi. Na mimi ni yeye."

"Wewe si yeye!"

"Tofauti yetu ipi?"

"Wewe unaweza."

"Naweza nini?"

Fundi alianza tena kuifuta ile sahani kavu.

"Sema, baba. Hunikosei, mimi napenda mambo yanayosemwa. Naweza kujificha, yeye hawezi. Ndicho ulichokipenda? Kwamba nikivalishwa viatu hivi napita mlangoni kwenu bila mtu kugundua?"

"Mimi nilikupenda chini ya ile ngazi," Fundi alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Ulikuwa umefumba macho. Ulikuwa unatikisa vidole hivi, kama unapiga kinanda kisichoonekana. Hukujua nakuona. Nikasema, huyu mtu akifurahi anafurahi mpaka kwenye kucha. Ndicho nilichopenda."

"Na leo umeniomba nivifiche vidole hivyo hivyo chini ya meza."

Fundi alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Taratibu aliutaka mkono ule. Aliutaka kama mtu wa safari anavyotaka kuvua mzigo. Alitaka kuegemeza paji la uso kwenye kile kifua, mahali anapopajua, ambapo moyo wa Fundi hupiga bila haraka, abaki hapo mpaka siku iishe. Angefanya hivyo, wewe msomaji ungefurahi na ungefunga kitabu ukisema mapenzi yameshinda. Lakini nyuma ya ukuta kulikuwa na mtu, naye alikuwa anazisikia hatua zao zote.

Akarudi nyuma hatua moja. "Mpaka nimwone kwanza," alisema.

*

Hakugonga. Kaka hapendi kugongewa. Aliketi sakafuni nje ya mlango wa chumba cha pasi, mgongo ukutani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ni mimi. Niko chini hapa. Si lazima ufungue."

Harufu ya kitambaa cha moto ilikuwa inapenya chini ya mlango.

"Uliona," Kaka alisema kutoka ndani.

"Niliona."

"Kanuni inasema anayeona ananyamazisha."

"Ndivyo inavyosema."

"Wewe ndiye uliyeitunga."

"Mimi ndiye."

Aliyajua maneno yote ya kujitetea. Aliwahi kuyasikia kwa wazazi, kwa waajiri, kwa waume: niliogopa, sikupata nafasi, ningefanyaje. Yalimjia yote mdomoni yakiwa yamepangwa foleni. Akayameza.

"Nilikukosea," alisema. "Hukuniomba kitu kikubwa. Nilikiona nikajaza maji kwenye bilauri iliyojaa."

"Yalimwagika kidogo."

"Yalimwagika."

"Na ulicheka utani wa Shangazi. Haukuwa unachekesha. Jirani aliuliza uhali gani."

"Aliuliza, na wewe ulimjibu. Haukuwa unachekesha."

Mlango ulifunguka kidogo, upana wa sikio. Kaka alikuwa ameketi sakafuni upande wa pili, kati ya marundo ya mashati yaliyokunjwa. Wakabaki hivyo, kila mmoja anatazama upande wake wa ukuta, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Taratibu alihisi pumzi imefika mahali pake.

"Unaigiza vizuri," Kaka alisema. "Mimi siwezi. Nikijaribu uso unauma."

"Hata mimi unaniuma."

"Sasa hivi?"

"Tangu asubuhi. Na miguu."

"Basi vua viatu. Ni vyako."

Alivivua. Machozi yalimtoka hapo hapo, akiwa na kiatu kimoja mkononi, kwa jinsi jambo lile lilivyosemwa kwa wepesi.

"Unataka kwenda kwa Shangazi?" aliuliza.

"Hapana."

"Umewaambia?"

"Hakuna aliyeuliza," Kaka alisema. "Mama alisema nitafurahi. Shangazi alisema nitafurahi. Mdogo wangu alisema ni kwa muda. Hayo si maswali."

*

Mama na Shangazi walikuwa sebuleni na chai. Fundi alikuwa amesimama karibu na dirisha kama mtu aliyeitwa shaurini. Taratibu aliingia miguu mitupu, na Shangazi akaiona kwanza ile miguu.

"Makubwa! Bibi harusi kashafika kwake."

"Mama," Taratibu alisema, "nina jambo la kusema na nitakuwa nimetazama zulia ninapolisema. Si dharau. Nikitazama watu maneno yananipotea."

Mama aliweka kikombe chini.

"Kaka nilimfahamu kabla ya leo. Nilikuwa mshauri wake kituoni, mpaka nilipompenda huyu mwanao, nikamkabidhi kwa mwenzangu. Nimekaa mezani kwako kama simjui. Na kile alicho nacho Kaka, hata mimi ninacho. Nilizaliwa nacho. Nimekuficha. Pale mezani aliniomba msaada kwa ishara niliyoitunga mimi mwenyewe, na mimi niliogopa kukukosa wewe, nikamkosesha yeye."

"Haiwezekani!" Shangazi alidakia. "Wewe? Umenitazama machoni muda wote tunakula!"

"Sikukutazama machoni, Shangazi. Nilitazama katikati ya nyusi. Nyusi zako sasa nazijua kuliko unavyozijua."

Mkono wa Shangazi ulipanda kwenye nyusi kabla hajauzuia. "Wahenga walisema," alinung'unika, "mficha maradhi kifo humuumbua."

"Si maradhi, Shangazi."

Mama alikuwa hamtazami Taratibu. Alikuwa anamtazama Fundi. "Na wewe ulijua. Mwanangu niliyekunyonyesha, umeniletea uongo mezani pangu ukaupakulia wali."

"Mama, niliogopa."

"Uliniogopa mimi?" Alisimama, akaketi tena. Alipozungumza sauti ilikuwa imezeeka. "Mnajua waliniambia nini nilipomzaa huyu wa kwanza? Kwamba nilimtazama mtu vibaya nikiwa mjamzito. Kwamba nina mkosi. Mama mkwe wangu alikufa hajawahi kumbeba hata siku moja. Nilikuwa nasikia watu wakifika hapa wanakaza macho kwake, halafu wananigeukia mimi, kama wanasoma jina la mwizi. Nikasema, mke wa huyu wa pili asije akatutazama hivyo. Nilikuwa namkinga!"

"Nakuamini, Mama," Taratibu alisema. "Hata mimi mezani nilikuwa najikinga. Lakini kila tukijikinga sisi, anayeumia ni yeye. Kuhusu mimi usiamue leo. Ukinifukuza nitatoka. Ila kabla ya kesho, muulize yeye anataka nini. Yuko hapo mlangoni."

Wote waligeuka. Kaka alikuwa amesimama kwenye korido, bega ukutani, ametazama sakafu.

"Nimuulize nini? Mimi ni mama yake. Najua."

"Ulishawahi kumuuliza?"

Mama alikaa na swali hilo. Unaweza kumlaumu ukitaka, lakini wewe ungelijibu vipi? Aliinuka, akazima redio, akarudi, akasimama mbele ya mwanawe akiwa amekunja mikono kifuani kama anayesikia baridi.

"Mwanangu. Unataka kwenda kukaa kwa shangazi yako?"

Midomo ya Kaka ilisogea kidogo bila sauti.

"Si unaona," Shangazi alisema, "hata swali lenyewe hal..."

"Wifi. Sijakuuliza wewe."

Fundi alifungua mdomo. Taratibu akamshika kipindo cha shati. "Mwache," alinong'ona. "Jibu liko njiani."

Walisubiri. Ni vigumu kusubiri namna hiyo. Ukimya unakuwasha, unatafuta neno lolote ulitupie ndani. Mama alimeza mate. Chai ikapoa.

"Hapana," Kaka alisema mwishowe. "Sitaki. Nataka kukaa hapa. Watu wa nguo wako hapa, wananijua. Kwa Shangazi itabidi nianze kumweleza kila mtu upya, na mimi sipendi kueleza. Wageni wakiwa wengi nataka nile peke yangu, baadaye. Si kwa aibu. Ni kwa kelele." Akafikiri kidogo. "Na manukato ya Shangazi yanafika kabla ya Shangazi."

Mama alitoa sauti ambayo ilianza kicheko ikaishia kilio. Alijifunika uso kwa khanga.

"Miaka yote hii," alisema humo ndani. "Miaka yote, mwanangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Mlikuwa mnaongea," Kaka alisema.

Hakusema kwa kulaumu. Ungekuwa ukweli wa hasira wangeweza kuujibu.

Ilichukua muda Mama kujifuta. Kisha akamgeukia Shangazi. "Kesho utasafiri peke yako, wifi." Akamgeukia Taratibu, na mara hii alitazama miguu yake mitupu, si uso. "Na wewe, binti, nenda kwanza. Sijakukataa. Sijakukubali. Sijui nikuone kwa jicho gani. Nikijua nitakuita."

"Asante, Mama."

Fundi alimkimbilia mlangoni. "Nikusindikize."

"Usinisindikize leo."

"Umeniacha?"

Alitamani kusema hapana. Alitamani kusema lolote litakaloufungua uso ule. "Sijakuacha," alisema. "Lakini umemwambia Mama kwamba uliogopa, umeniambia mimi kwamba ulichoka. Kaka yako hujamwambia neno. Anza kwake. Halafu uje, mimi utanikuta nilivyo."

Kaka alikuwa amesogea hadi nyuma yao. "Bado nimekasirika," alimwambia Taratibu.

"Una haki."

"Sijui nitamaliza lini."

"Kasirika mpaka umalize. Sitakuharakisha."

Akatoka. Barabara ilikuwa bado ina joto la jua chini ya nyayo, na watu walimtazama mwanamke aliyevaa nguo za sherehe anayetembea ameshika viatu. Hakutembea kama mshindi. Ukweli alioukiri mwishoni haukuufuta ule mkono juu ya kitambaa. Aliuona kila alipofumba macho, vidole vimetanuka, vinamsubiri. Angeuona kwa muda mrefu. Na huenda ndivyo inavyostahili.

Sasa wewe. Usinilegezee macho hapo ukisema masikini Kaka, masikini Taratibu. Hao wameshasema yao. Kuna mtu kwenu, au kwa ndugu yako, au mlango wa tatu kutoka kwako, ambaye mmekuwa mkimjibia: anapenda hiki, kile hawezi, huyu haelewi, mpelekeni kule atafurahi. Unamjua. Jina lake limekujia sasa hivi. Weka kitabu chini, uende alipo. Zima kila kinachopiga kelele. Muulize anataka nini, kisha ufunge mdomo. Akichelewa kujibu, usimjibie, subiri. Yeye amekusubiri wewe tangu alipozaliwa. Nenda.